Bolti za Rangi ya Kucha

Wiki jana niliishia kwenye lile neno la baba mkwe wangu. Kwa aliyelikosa gazeti, au aliyelifungia samaki kabla ya kulisoma, nitarudia kwa kifupi kisha tuendelee.

Jina langu Kubeshni, mjane, mkazi wa Chatsworth, Durban. Mume wangu Sagren alikufa mwaka jana, Jumatatu asubuhi, ndani ya gari la mfanyakazi mwenzake lililopinduka kwenye barabara kuu wakienda kiwandani. Alipanda gari la watu kwa sababu Golf yake ilikuwa juu ya mawe, haina magurudumu. Rimu za zamani alishaziuza. Rimu mpya za aloi, inchi kumi na saba, zilikuwa zimelala sakafuni zikimsubiri, ila bolti zake zilipotea ile Jumapili. Tulizitafuta gereji nzima hatukuziona.

Na aliyefagia gereji Jumapili ile ni mimi.

Mama mkwe wangu hakuwahi kuusamehe ufagio ule. Mwaka mzima, nikivunja sahani, nikiunguza dengu, neno lake ni lilelile: "Wewe na ufagio wako." Sikumjibu hata mara moja, kwa sababu nami niliamini hivyo. Nilikuwa naziota bolti zile zikiingia kwenye pipa la taka pamoja na vumbi, na mikono inayozitia ni yangu.

Sasa sala ya kutimiza mwaka wa kifo chake ilikuwa imefika, imepangwa Jumapili. Baba mkwe wangu, ambaye nyumba nzima humwita Thatha, yaani babu, tangu nilipomzaa binti yangu, alikuwa ameapa kwamba siku hiyo hatakanyaga hekaluni. Yeye na Sagren walikuwa hawasemezani wiki ile aliyokufa, kisa gari hilohilo. Mkewe, ambaye sote humwita Aya, alilia, akagomba, akanuna, akaacha kumpikia. Mzee hakutikisika.

Ndipo siku moja mezani akaweka kijiko chini. "Nitakwenda," akasema. "Lakini nitapanda gari la Sagren, nalo liwe limefungwa zile rimu zake."

Hapo ndipo nilipowaacha.

Aya alidhani mumewe ameanza kupotewa na akili. Shemeji yangu Prinolan, mdogo wa marehemu, alicheka, akatutazama, akaona anacheka peke yake. Akasema gari lile limeshushwa mno, inchi kumi na saba zitasugua mpaka tairi lipasuke, na hata Sagren mwenyewe alikuwa hajajua atafanyaje. Mzee akaendelea kula.

Nikasema nitazifunga mimi.

Sikusema hivyo kwa ushujaa. Usiku wa ile Jumapili ya mwisho, Sagren akiwa amechoka kutafuta bolti, alinong'ona kitandani kwamba rimu zikishafungwa, mtu wa kwanza kumpandisha atakuwa baba yake. Si rafiki zake, baba yake. Alitaka amzungushe mtaani taratibu, mzee aone kwamba gari halimli mtu, na waishe ugomvi. Neno lile sikumwambia mtu yeyote. Nilitaka mzee akae kwenye kiti kile, afike kwenye sala ya mwanawe, basi. Mengine yote sikuyajali.

Kufunga rimu si kazi ngeni kwangu. Nimekaa miaka na mwanaume ambaye Jumapili zake zote alikuwa chini ya gari, na mimi ndiye niliyekuwa nashika tochi. Tatizo ni hili: gari lililoshushwa linakaa chini, madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yanakuja karibu na matairi. Ukilivalisha gurudumu kubwa na pana zaidi, nafasi inayobaki ni ya kidole, wakati mwingine haitoshi hata kidole. Barabara ikilitikisa, tairi linapanda na kusugua ukingo wa madigadi. Ukingo ule kwa ndani ni mkali, na tairi ni mpira tu.

Alhamisi nikazitoa rimu chini ya kitanda chetu. Prinolan alikuwa ameshawasha pikapu yake aende dukani kununua bolti nyingine, maana za rimu zile ni ndefu kuliko za kawaida. Nikamsikia Thatha akiburuza kandambili zake nyuma yangu. Alishika kopo la maziwa ya unga kwa mikono miwili. Akaliweka mezani, na kopo likagonga kwa uzito ambao maziwa hayana.

Nikalifungua. Zilikuwa bolti, na vichwa vyake vilikuwa vyekundu.

Wekundu ule ulikuwa wangu. Jumamosi kabla ya msiba, Sagren alinikalisha kwenye ndoo akanipa bolti moja baada ya nyingine nizipake rangi yangu ya kucha, asije akazichanganya na zile fupi za zamani. Alinitania kwamba nazipaka kwa uangalifu kuliko vidole vyangu.

Prinolan akapiga honi nje. Nikatoka nikamwambia azime, bolti zimepatikana. Akauliza zimepatikana wapi. Nikasema kwenye kopo. Akasema kweli Mungu ni mkubwa, akaenda kuegesha vizuri.

Nikarudi ndani.

"Zilikuwa wapi, Thatha?"

Alitazama mlango wa jikoni, ambako Aya alikuwa anapepeta mchele, akapunguza sauti.

"Kwangu. Nilitaka abaki nyumbani siku moja tu. Akasirike, akae, tuongee. Sikujua kuna mtu atampa lifti."

"Na mimi? Mwaka mzima naitwa ufagio, ulikuwa husikii?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukanyamaza."

"Nilisikia, mwanangu. Kila mara nilisikia."

Nilikuwa nimeshika spana ya magurudumu. Naandika jambo kama lilivyokuwa: nilitaka kumpiga nayo. Mzee wa watu, miguu imevimba, aliyeendesha mabasi ya Chatsworth miaka yake yote bila kumgonga hata kuku, nilitaka nimwangushe palepale. Halafu katikati ya hasira ile nikasikia kifua kinafunguka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Si mimi. Haikuwa ufagio wangu. Nikalia kwa furaha, na kulia kwa furaha juu ya jambo lile kukanitia aibu, nikalia tena.

Ningeweza kumwita Aya wakati uleule. Hatua chache tu, aje aone vichwa vyekundu. Lakini nilijua kitakachofuata. Mzee asingekwenda kwenye sala, si Jumapili ile wala nyingine, na Sagren angelala bila kupatana na baba yake mara ya pili.

Thatha akaniahidi kwamba atamwambia mkewe mwenyewe, sala ikishakwisha. Nikamwambia ikishakwisha, si siku ya pili. Akakubali. Nikachukua bolti ya kwanza.

Gari lilipotua chini juu ya rimu zile, Prinolan alipiga mluzi, kisha akasikitika. Lilikuwa zuri mno. Na nyuma, kushoto, tairi lilikuwa limebusiana na madigadi.

Nilichukua manjano jikoni, nikaikoroga na mafuta, nikapaka ukingo wote wa ndani wa madigadi. Ni ujanja wa Sagren. Ukiendesha kisha ukalikuta tairi na mstari wa njano, hapo ndipo panaposugua, huna haja ya kubahatisha. Tukazunguka mtaa mmoja. Matairi ya mbele yalikuwa safi hata ukikata usukani mpaka mwisho. La nyuma kulia lilikuwa na doa. La nyuma kushoto lilikuwa la njano kama sahani ya mtoto.

Prinolan akataka tuweke springi za kawaida, gari lipande juu, yaishe. Nikamwambia Thatha ametaka kupanda gari la Sagren, na likipandishwa juu litakuwa gari la posta. Akasema sawa, bosi.

Tukatoa kile kisahani cha chuma kinachokaa nyuma ya rimu na kuisukuma nje. Gurudumu likaingia ndani, madigadi yakapona, lakini sasa likawa linagusa shokapu upande wa ndani. Tukatafuta kisahani chembamba kuliko kile. Rafiki yake Prinolan alikuwa nacho. Ikapatikana nafasi ya kucha kila upande, na nafasi ya kucha haitoshi kwa barabara zetu.

Ikabaki kuukunja ukingo. Wenye pesa wana mashine ya kazi hiyo. Sisi tulitumia kijiti cha wiketi ya kriketi. Unapasha rangi ya gari joto kwanza isipasuke, na mimi nilitumia mashine yangu ya kukaushia nywele. Kisha ncha ya kijiti inachomekwa kwa nguvu kati ya tairi na madigadi, gari linasukumwa polepole, mbele na nyuma, na kijiti kinabiringika kikiulaza ukingo ndani kidogo kidogo. Ukiwa na haraka, bati linajikunja kama karatasi na rangi inabanduka.

Prinolan alishika kijiti, mimi nilipasha joto na kuangalia rangi. Aliyesukuma gari ni Thatha. Hakuna aliyemwomba. Alikuja akaweka viganja vyake kwenye buti, akawa anasukuma ninaposema sukuma, anaacha ninaposema acha. Nilikuwa nasikia anavyohema. Nilimchukia na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na hiyo ni kazi inayochosha kuliko kusukuma gari.

Rangi haikupasuka. Jioni ukingo ulikuwa umelala kabisa, unapitisha kidole bila kukwaruzwa.

Kwetu gari haliitwi limepona mpaka libebe watu wazima wanne na kuruka tuta. Ijumaa Prinolan akaleta rafiki zake wawili, wakakaa nyuma, tukaenda kwenye tuta la karibu na shule, tukalipita taratibu, tukalipita tena kwa kasi. Kimya. Tukakata kona huku na huku. Kimya. Nikalala chini kuangalia manjano, matairi yote yalikuwa safi. Vijana wakashangilia, na mmoja akasema sasa hata shangazi yake anaweza kupanda, na shangazi yake akipanda mizani huwa inaomba likizo.

Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza nacheka ndani ya gari lile bila Sagren, na nikanyamaza haraka.

Kilichonitesa zaidi siku zile kilikuwa jikoni. Aya alikuwa amebadilika. Kusikia kwamba mumewe atakwenda kulimlainisha kabisa. Tulikata maboga pamoja, tukamenya vitunguu, akanisimulia jinsi Sagren alivyokuwa mtoto akikataa kuoga mpaka apewe mfuniko wa ndoo uwe usukani wake. Alinimiminia chai kwa mkono wake. Neno ufagio halikutoka kinywani mwake tangu Ijumaa mpaka Jumapili. Aliniambia nina mkono mzuri wa viungo. Mimi nilikuwa nasema asante, Aya, huku najua habari ya bolti, na yeye hajui kwamba najua.

Mara mbili nilifungua mdomo. Mara mbili nikaomba nipewe chumvi.

Jumapili ikaja na manyunyu.

Sala ilikuwa ianze saa kumi alasiri. Kwa hesabu za kuhani, saa kumi na nusu inaingia ile saa mbaya ya Jumapili, ambayo hakuna jambo jema linaloanzishwa ndani yake. Kwa hiyo kuchelewa hakukuwepo. Mpango ulikuwa sufuria za chakula ziende kwenye pikapu ya Prinolan. Lakini pikapu iko wazi, na chakula cha marehemu hakinyeshewi. Prinolan akapakia viti na majani ya migomba, akamchukua binti yangu mbele, akatangulia. Sufuria zikaja kwangu.

Dengu, maboga, maharage, viazi vya kukaanga, achari, vyote vya kulisha ukoo mzima, vikajaa kwenye buti. Sufuria ya wali ilikuwa kubwa kupita mlango wa buti, tukaikalisha kiti cha mbele na kuifunga mkanda kama abiria. Thatha akakaa nyuma kushoto, shati jeupe, kikoi cheupe, nywele zimechanwa kwa maji. Aya akakaa kando yake akiwa ameshika taa ya mafuta ya sala, imeshawashwa. Alimwekea mumewe kola vizuri. Mzee akageuza uso dirishani.

Nani anapima chakula? Sisi tunahesabu vichwa, na sufuria hazina vichwa. Mimi niliyepaka manjano, niliyelala chini kwenye lami kuangalia mistari, niliingia garini bila hata kutazama gari limekaaje kwa nyuma.

Barabara ya kwanza ilikuwa tambarare, tulikwenda vizuri. Watu walisimama milangoni kuitazama Golf ya Sagren imetoka tena. Kijana mmoja alivua kofia. Kwenye kioo nilimwona Thatha amefumba macho, ameweka kiganja chake kwenye mlango kwa ndani, na midomo inacheza. Nikasema moyoni, Sagren, yuko kwenye kiti. Umeona? Yuko kwenye kiti.

Tukafika kwenye tuta.

Sauti ilitoka nyuma kushoto, mkwaruzo mrefu, na baada yake harufu ya mpira ulioungua. Nikaenda kidogo, barabara ikabonyea, ikasugua tena. Nikasimama kando chini ya mlima wa hekalu.

Nikashuka nikapiga magoti kwenye lami iliyolowa. Nyuma ya gari ilikuwa imekaa chini kabisa. Tulijaribu tukiwa wawili mbele na wawili nyuma. Leo uzito wote ulikuwa nyuma, na mwingi zaidi ulikuwa ndani ya buti. Tairi lilikuwa na mkwaruzo kuzunguka bega lake, bado haujafika kwenye nyuzi za ndani. Mbele yetu kulikuwa na mlima na matuta mengine. Likipanda hivihivi litapasuka njiani.

Nikamwambia Aya inabidi tupunguze mzigo. Akasema sufuria hazishuki. Chakula cha marehemu kikishanyanyuliwa jikoni hakitui chini mpaka mbele ya picha yake, na si yeye aliyeweka sheria hiyo. Nilijua hivyo tangu kabla sijasema. Nikampigia Prinolan. Akasema anaweza kuja kuchukua watu, lakini akifika kwetu na kurudi itakuwa saa mbaya imeshaingia, na kuhani ameshakaa, anataka chakula sasa. Akaniuliza kama lazima wote tuwemo kwenye gari.

Nikapima nafasi kwa kidole. Mmoja wa nyuma akishuka, gari litapanda mlima. Nikawaambia hivyo, nikiwa nimepiga magoti bado, kwa sababu sikutaka kumtazama yeyote kati yao.

Aya hakungoja. Alifungua mlango wake, akashuka na taa yake, akajifunika kichwa kwa ncha ya sari.

"Nitashuka mimi," akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa hataki kuja, na leo amekuja. Mpeleke. Mimi Prinolan atanichukua, nitakuta mnamaliza. Mwanangu atanielewa."

Akamwinamia mumewe dirishani, akamwambia amwombee mtoto kwa niaba yao wote wawili.

Mzee alifungua mlango wake. Nilidhani anataka kumsaidia mkewe kusimama mahali pakavu. Alishuka, mguu mmoja, kisha mwingine, akashika paa la gari.

"Rukmani, panda," akasema. Sikuwahi kumsikia akimwita mkewe kwa jina. "Panda wewe. Bolti za Sagren nilizificha mimi."

Aya alimtazama bila kuelewa.

"Zilikuwa chini ya godoro letu, upande wangu. Nilitaka asitoke siku ile. Siwezi kukaa kwenye kiti hiki wewe umesimama kwenye mvua. Panda."

Manyunyu yaliendelea. Taa ilizimika mkononi mwa Aya, naye hakugundua. Nilingoja apige kelele. Ninamjua, sauti yake inafika mtaa wa tatu. Hakupiga kelele. Alinigeukia mimi.

"Wewe ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mzee angenilinda, naona hivyo mpaka leo.

"Tangu Alhamisi, Aya."

"Alhamisi." Alilisema neno hilo polepole. "Ijumaa tumekata maboga. Jana nimekupa chai yangu. Nimekusimulia habari za mtoto wangu, nikawa najilaumu moyoni kwamba nimekuonea mwaka mzima, na nikapanga leo, mbele ya picha yake, nikuombe radhi mbele ya watu. Nawe umekaa mbele yangu unamenya vitunguu."

Nilitaka kumwambia ni kwa ajili ya Sagren. Nilitaka kumwambia lile neno la kitandani, kwamba mtu wa kwanza kupanda alikuwa awe baba yake. Lakini jina la Sagren halikutoka. Nililia tu, nimesimama na simu mkononi kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Aya akafungua mlango wa nyuma kulia, akaingia, akajiweka katikati ya kiti. Akaiweka taa mapajani.

"Endesha," akaniambia. "Na Prinolan asije kumchukua. Akikanyaga hekaluni leo, mimi nitatoka na sufuria zangu zote, na sala ya mwanangu haitasomwa."

Nilimtazama Thatha. Alikuwa amesimama kwenye nyasi za kando ya barabara, shati lake jeupe limeanza kushika mwili. Mwaka mzima alikataa kwenda, na leo amefika mpaka chini ya mlima. Minara ya hekalu ilikuwa inaonekana pale aliposimama. Nilitaka aseme kitu, amjibu mkewe, agombe, aape upya.

Niliingia nyuma ya usukani kwa sababu sikujua la kufanya kwa mikono yangu. Simu ikalia, Prinolan. Ikalia tena. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona mzee akiinama kwa shida, mkono mmoja kwenye goti. Aliingiza kidole kati ya tairi na madigadi, kama alivyotuona sisi tukifanya Alhamisi na Ijumaa, akakipitisha taratibu kuzunguka ukingo wote, mbele mpaka nyuma. Kisha akainuka, akapiga buti kwa kiganja mara moja, vile makondakta wa mabasi yake walivyokuwa wakimpigia zamani.

"Endesha, mwanangu," akasema. "Sasa halitagusa."

Gea ya kwanza ilikuwa imeshaingia. Aya alikuwa ameshika taa iliyozimika nyuma yangu, na mimi bado sikuwa nimeachia klachi.